Busaa ya Kitale na Bungoma: Upishi wake, mlo wake na sheria inayoitawala

ZABIBU si zao la Kitale wala la Bungoma. Katika Afrika Mashariki mizabibu imestawi kwingine: pale Naivasha, ambako hutengenezwa mvinyo uitwao Leleshwa, na katika mkoa wa Dodoma nchini Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hivyo chupa ya mvinyo inayofunguliwa katika hoteli ya Kitale imesafiri kutoka mbali, na anayeinywa hawezi kulionyesha kwa kidole shamba ilikotoka.

Hata hivyo, eneo hilo lina kinywaji chake ambacho kila hatua ya utengenezaji wake inafahamika kijijini, chenye chakula kinachoandamana nacho, adabu za kukinywa na ugomvi wa miaka mingi na serikali. Kinywaji hicho ni busaa, pombe ya mahindi na wimbi. Wabukusu, ambao ndio wengi katika Kaunti ya Bungoma na ambao pia wanaishi kwa wingi katika Kaunti ya Trans Nzoia, huita pombe yao ya jadi kamalwa. Jina hilo halitofautiani sana na malwa, ambalo ndilo linalotumiwa ng'ambo ya mpaka nchini Uganda kwa pombe ya wimbi.

Makala haya yanaeleza jinsi busaa inavyopikwa, inavyonywewa na inavyoliwa pamoja na chakula, na kwa nini kitu ambacho wazee walikiona kuwa ishara ya ukarimu kimekuwa pia chanzo cha misako, faini na hofu ya maradhi.

Kutoka wimbi hadi mahindi

Wimbi ndilo nafaka ya kale ya eneo la Mlima Elgon. Ndilo lililosagwa kwa ugali na uji, na ndilo lililooteshwa ili kupata kimea cha pombe. Mahindi yalikuja baadaye, na kuenea kwake kuna uhusiano wa karibu na historia ya Kitale.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi wa Kizungu, wakiwemo askari waliotoka vitani, mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Reli ya kutoka Eldoret ilifika Kitale mwaka 1926, na mji huo ukawa kituo cha kusafirishia nafaka. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale ndicho kilichozalisha mahindi chotara ya aina ya H611, yaliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mazao yaliongezeka, na mahindi yakawa rahisi kupatikana kuliko wimbi, ambalo palizi yake huchosha na punje zake ni ndogo.

Wapishi wa pombe walifuata mkondo huo. Unga wa mahindi ukawa sehemu kubwa ya busaa, nalo wimbi likabaki na kazi moja ambayo mahindi hayangeweza kuifanya vyema kama lenyewe, yaani kutoa kimea. Ndiyo maana busaa ya leo ni mkutano wa nafaka mbili, moja ya wazee na nyingine ya enzi ya reli.

Inavyopikwa

Upishi wa busaa huchukua muda wa takriban juma moja, na kwa kawaida ni kazi ya wanawake.

Kwanza, wimbi hulowekwa, hufunikwa na kuachwa lichipue kwa siku kadhaa. Linapochipua huanikwa juani likauke, kisha husagwa. Hicho ndicho kimea. Ndani yake mna vimeng'enya vyenye uwezo wa kuigeuza wanga ya nafaka kuwa sukari.

Wakati huo huo, unga wa mahindi hukandwa kwa maji kidogo mpaka uwe donge gumu, ukafunikwa na kuachwa uchachuke kwa siku mbili au tatu. Harufu yake huwa kali na ladha yake chachu. Donge hilo huvunjwavunjwa na kukaangwa juu ya moto katika bati pana au pipa lililopasuliwa, huku mpishi akiligeuza kwa koleo mpaka vipande viwe na rangi ya kahawia. Hatua hii ndiyo inayoipa busaa rangi yake na ile ladha ya mkate uliookwa ambayo mnywaji huitambua mara moja.

Baada ya hapo unga uliokaangwa huchanganywa na maji pamoja na kimea katika chungu au pipa, kisha huachwa kwa siku mbili hadi nne. Sukari inayotolewa na kimea huliwa na hamira, ambazo huibadilisha kuwa kileo na hewa. Bakteria wa asidi ya maziwa, jamaa ya wale wanaogandisha maziwa ya mala, huongeza uchachu. Mwishowe pombe huchujwa kwa kitambaa, na machicha hupelekewa kuku na nguruwe.

Kinachopatikana ni kinywaji kizito mithili ya uji mwepesi, chenye rangi ya kahawia na kileo cha wastani wa asilimia mbili hadi nne, ambacho ni kidogo kuliko au karibu sawa na kile cha bia ya chupa. Hapa ndipo busaa inapotofautiana na chang'aa, ambayo huvukizwa na kuwa na nguvu mara nyingi zaidi. Kuziweka pombe hizi mbili katika kapu moja, kama ifanyavyo mara nyingi katika taarifa za misako, ni kulinganisha bia na konyagi.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba busaa haiwekeki. Uchachukaji haukomi baada ya kuchujwa, na baada ya siku mbili tatu kinywaji huwa kikali mno kwa ulimi. Mvinyo huweza kukaa ghalani miaka na mikaka, lakini busaa ikiiva ni lazima inywewe. Kwa sababu hiyo, mtu aliyepika hakuwa na budi kuwaita majirani. Kwa kiasi kikubwa, ukarimu unaosifiwa wa chungu cha pombe ulitokana na sayansi ya chungu chenyewe.

Mrija na adabu zake

Katika unywaji wa jadi, chungu huwekwa katikati na wanywaji wakaketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, ambao Wabukusu huuita lusekhe. Mrija huo hutengenezwa kwa shina la mmea lenye uwazi ndani, na ncha yake inayoingia chunguni hufungwa kichujio kilichosukwa ili makapi yasipite. Baadhi ya mirija ina urefu wa zaidi ya mita mbili, hivi kwamba mzee anaweza kuegemea ukuta akanywa bila kusogea. Kila mara maji ya moto huongezwa ili pombe iendelee kutoka katika nafaka.

Unywaji wa namna hii ni wa kale mno. Michoro ya Wasumeri wa Mesopotamia, eneo ambalo leo ni Iraq, inaonyesha watu wakinywa bia kwa mirija kutoka chungu kimoja maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Katika Afrika Mashariki desturi hiyo inapatikana pia miongoni mwa Waiteso wa Busia na Uganda, na Wagisu wa Mbale.

Chungu hicho kilikuwa na sheria. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyewachunguza Waiteso wa Kenya na kuchapisha makala kuhusu unywaji wao mwaka 1980, alionyesha kwamba mnywaji hakuruhusiwa kuushika mrija kwa mkono wa kushoto wala kupuliza mapovu ndani ya chungu. Miongoni mwa Waluhya, wakwe hawakunywa pamoja na wakwe zao, kwa kuwa heshima baina yao ilidai watengane. Mkwe wa kiume alipofika, alitafutiwa mahali pake.

Adabu hizo zilikuwa na maana. Chungu cha pamoja kilihitaji imani kwamba hakuna aliyetia kitu kibaya ndani yake, na kwamba mwenyeji amekuwa wa kwanza kuonja. Watu waliokuwa na uhasama hawakuketi pamoja mpaka wapatanishwe, na mara nyingi chungu chenyewe ndicho kilichotumiwa kuthibitisha kwamba wamepatana.

Siku hizi, katika vilabu vingi, mirija imetoweka. Busaa huuzwa kwa kikombe cha plastiki au kopo, na mteja hunywa peke yake, akalipa na kwenda zake. Mrija umebaki zaidi katika sherehe na miongoni mwa wazee.

Chakula kinachoandamana nayo

Wataalamu wa mvinyo hufundisha kwamba kinywaji chenye uchachu hukata mafuta ya chakula na kuamsha hamu ya tonge linalofuata. Kanuni hiyo inafanya kazi Bungoma sawasawa na inavyofanya kazi Ufaransa, ijapokuwa hakuna aliyeiandika ukutani.

Cha kwanza ni kuku wa kienyeji. Katika nyumba ya Mluhya, mgeni ambaye hakuchinjiwa kuku huhesabiwa kuwa hakukaribishwa. Kuku huchomwa manyoya yaliyobaki kwa moto wa kuni, akakaushwa kidogo kwa moshi, kisha akachemshwa polepole kwa mchuzi wake mwenyewe. Mafuta ya kuku aliyezunguka uwanjani ni mengi na yenye ladha nzito, na hapo ndipo uchachu wa busaa unapofaa. Firigisi ni ya mwenye boma au ya mgeni anayeheshimiwa, na hata leo kuna nyumba ambamo mpishi akiisahau jikoni ataulizwa.

Inafaa kukumbusha kwamba meza hiyo haikuwa ya wote. Kwa mujibu wa mila ya Waluhya, wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai, ilhali wao ndio waliowafuga na kuwapika. Mwiko huo ulivunjwa polepole na wasichana waliosoma katika shule za misheni, na siku hizi umebaki kuwa hadithi ya akina nyanya.

Cha pili ni ugali wa wimbi uliochanganywa na unga wa mihogo au mtama. Rangi yake ni ya kahawia iliyoiva, na ladha yake ya nafaka inakaribiana na ile ya pombe, hivyo hazishindani mdomoni. Ugali mweupe wa mahindi pia hutumika, lakini huiachia busaa nafasi yote ya kutamba.

Cha tatu ni mboga za kienyeji: mrenda, kunde, saga, mnavu na mitoo. Nyingi kati ya hizi zina uchungu, na wapishi huupunguza kwa maziwa, kwa karanga zilizosagwa au kwa munyu, yaani maji yaliyochujwa kupitia majivu ya mimea. Saga iliyolazwa katika maziwa usiku kucha huwa laini, na pamoja na kinywaji chachu hutoa mlo usiohitaji nyama.

Kuna pia vitafunio vya msimu. Mvua zinapoanza, kumbikumbi, ambao Wabukusu huwaita chiswa, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kutiwa chumvi kidogo. Huko Mbale, Wagisu huongeza malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga.

Maji ya khuchukhila

Busaa haikuwa kinywaji cha starehe pekee. Ililipia kazi za ushirika shambani, iliwasindikiza wafu na kuwakaribisha wakwe. Mahali pake pa juu kabisa, hata hivyo, ni tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili.

Mvulana huzunguka kwa jamaa zake akigonga njuga ziitwazo chinyimba, akiwaalika kwa siku yake. Siku chache kabla ya kisu, yeye mwenyewe humimina maji katika chungu chenye nafaka itakayokuwa pombe. Tendo hilo huitwa khuchukhila. Tangu hapo kuna hesabu isiyorudi nyuma, kwani pombe ikishaanza kuchachuka haitamsubiri anayesita. Itakapoiva, wageni watafika, na mvulana lazima awe tayari.

Si kila familia inayofuata utaratibu huu. Wamishenari wa Marafiki, maarufu kama Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakaenea hadi Lugulu katika eneo la Bungoma. Wao, pamoja na Jeshi la Wokovu na makanisa ya Kipentekoste, waliwakataza waumini wao pombe ya kila aina. Kwa sababu hiyo, kuna nyumba nyingi ambazo sherehe hufanywa kwa chai, soda na uji wa wimbi, na mtoto akapelekwa hospitalini. Ndugu wawili waliozaliwa boma moja wanaweza kuwa na misimamo miwili kuhusu chungu, na kila mmoja akawa na hoja.

Sheria na mpishi

Serikali ya kikoloni ilizitungia pombe za Waafrika sheria zake na leseni zake, na serikali huru ikaurithi utaratibu huo. Sheria ya Pombe za Kienyeji, iliyokuwa sura ya 122 ya sheria za Kenya, ilidai leseni kwa wapishi na wauzaji. Mwaka 1980 ikafuata sheria iliyopiga marufuku chang'aa.

Marufuku hiyo ya chang'aa ilifutwa na Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kutokana na aliyeiwasilisha bungeni, John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha. Sheria hiyo iliviweka vileo vyote chini ya mfumo mmoja wa leseni, ikaweka saa za kuuza na ikakataza kumuuzia mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Katiba iliyozinduliwa mwaka huo huo ilizipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo, na tangu mwaka 2013 kazi hiyo imekuwa mikononi mwa kaunti.

Kwa maandishi, basi, busaa si haramu kwa kuwa ni busaa. Kinachokiuka sheria ni kuipika kwa biashara na kuiuza bila leseni. Lakini masharti ya leseni yaliandikwa kwa kuifikiria baa yenye kuta, choo, anwani na hesabu. Mjane anayepika pipa moja kwa juma, nyuma ya nyumba, ili alipe karo ya mtoto, ni nadra kuyatimiza. Kwake sheria hukutana naye kwa sura ya chifu na askari wanaomwaga pipa, na hasara hiyo huwa ni unga, kuni na siku saba za kazi.

Kwa upande mwingine, hofu ya serikali haikuzuka hewani. Mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi na viungani mwake baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na mwezi Mei 2014 makumi ya watu walipoteza maisha katika kaunti kadhaa kwa njia hiyo hiyo. Methanoli hupofusha na kuua, na haina harufu inayomwonya mnywaji. Misiba hiyo ilihusu pombe kali zilizotiwa kemikali, wala si busaa iliyopikwa ipasavyo, lakini mnywaji asiyemjua mpishi hana njia ya kuthibitisha alichouziwa. Muuzaji mwenye tamaa anaweza kuongeza chochote ili kikombe "kishike" haraka.

Kampuni za bia nazo ziliingia katika soko hilo. Mwaka 2004 East African Breweries ilizindua Senator Keg, bia ya bei ya chini iliyopewa nafuu ya ushuru kwa lengo la kuwavuta wanywaji wa pombe zisizodhibitiwa. Ushuru ulipopandishwa mwaka 2013 mauzo yake yalishuka, na somo likawa wazi kwamba mnywaji maskini hufuata bei kabla ya kufuata chapa.

Afya

Wapo wanaodai kwamba busaa ni chakula na kwa hivyo haidhuru. Ni kweli kwamba ina nafaka. Lakini kileo ni kileo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1988. Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa ni maeneo yenye visa vingi vya saratani ya umio, na utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba unywaji wa pombe, zikiwemo chang'aa na busaa, unachangia pakubwa maradhi hayo.

Hatari nyingine ni nafaka iliyovunda. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kuna desturi ya kuyapeleka mahindi mabovu kwenye pombe kwa dhana kwamba moto na uchachukaji vitaisafisha sumu. Havitoshi. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa chungu pia.

Mirija nayo inahitaji usafi. Kila mtu awe na wake, uchemshwe au uoshwe kwa maji ya moto, wala usiazimwe.

Kwa anayetaka kuonja

Mgeni anayefika Kitale anaweza kuanzia katika makavazi ya mji huo, yaliyofunguliwa mwaka 1974 na ambayo yana mkusanyo wa vifaa vya jamii za eneo hilo. Kutoka hapo hadi Bungoma ni safari fupi ya barabara kupitia Kimilili au Webuye.

Busaa ionjwe mahali penye leseni au nyumbani kwa mtu anayejulikana. Kinywaji kizuri hunukia nafaka iliyokaangwa na mkate, wala hakiwashi koo. Kinachochoma kama spiriti kimetiwa kitu. Ni vyema kula kwanza, kunywa polepole na kumwachia mwingine usukani wa gari.

Na chungu kikiwekwa katikati, mgeni asikimbilie mrija. Angoje mwenyeji aonje. Desturi hiyo ni ya heshima, lakini pia ndiyo iliyokuwa hakikisho pekee la usalama kabla ya kuwepo leseni, maabara au afisa wa afya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye chungu cha busaa, mwenyeji hutangulia ili mgeni naye arudi kwake salama.